Milango Kumi na Miwili

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Mshauri wa kliniki ametupatia madaftari mawili. La kijani ni la binti yangu. Ndani yake mshauri amechora mistari kwa rula: tarehe, umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umetembea kiasi gani, uchovu ni ngapi. Uchovu unahesabiwa kuanzia sifuri hadi kumi. Sifuri ni kama huna kabisa, kumi ni kama huwezi hata kugeuza shingo.

Hili la bluu ni langu. Nikamwuliza, "Kwani mimi naumwa nini?"

Akasema, "Huumwi, Mama. Ila nimekaa na nyinyi saa nzima, na kila nilipomwuliza mgonjwa swali, ulijibu wewe. Hofu zako ziandike humu, usimtwishe yeye."

Binti yangu akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka, lakini yule mshauri sikumpenda. Msichana mdogo, kucha safi, hajalea hata paka, anakuja kunifundisha mimi mtoto wangu.

Sijaandika kitu kirefu tangu nilipotoka shule darasa la nne, isipokuwa orodha za mashuka. Mashuka najua kuyaandika: makubwa kumi na manne, madogo sita, foronya ishirini, moja ina doa la chai. Basi nitaandika hivyo hivyo, kama mashuka.

Mvua imeanza leo.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Hakuna kilichokauka.

Alhamisi, tarehe 6

Leo ametembea mara ya kwanza kwa mpango.

Nieleze vizuri, ili nikija kusoma nisisahau. Binti yangu alipata saratani ya titi mwaka jana. Alikatwa, akatundikiwa dawa, akachomwa kwa mionzi, na daktari akasema kazi imekwisha, nendeni nyumbani. Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Watu wote wanasema amepona. Lakini uchovu haujasikia habari hizo. Anaamka amechoka. Anachana nywele zile fupi zilizoanza kurudi, anakaa chini kupumzika. Anakunywa chai, anahitaji kulala. Mshauri anasema uchovu huu hauishi kwa kulala, na kwamba mwili uliolazwa sana husahau kazi yake, basi inabidi ukumbushwe kidogo kidogo kila siku. Mimi nimezaa na nimeuguza. Sijawahi kusikia mtu aliyechoka akitibiwa kwa kutembezwa.

Kwa kuwa nje ni matope, tunatembea kazini kwangu. Nyumba ya wageni ninayofulia ina korido ndefu huko juu, upande mmoja milango kumi na miwili, upande wa pili madirisha ya kutazama ua. Msimu wa mvua nafunga kamba huko, mashuka yananing'inia kutoka ngazi hadi mwisho. Mshauri amesema aanze na milango minne kwenda, minne kurudi, asubuhi na jioni. Asizidishe hata akijisikia vizuri, asipunguze hata akijisikia vibaya, isipokuwa ana homa au maumivu mapya. Kulala mchana mwisho nusu saa.

Mwenye Nyumba mwenyewe alitoka kututazama, fimbo mkononi. "Huyu nilikuwa namfukuza humu asikimbie," akasema. "Leo ndiye naombewa ruhusa atembee."

Ni kweli. Akiwa na miaka sita nilikuwa nakuja naye kazini. Alikuwa akigonga milango yote kuanzia wa kwanza hadi wa kumi na mbili, pa pa pa pa, halafu anajificha ndani ya kapu la nguo chafu. Wageni wanatoka na kanzu za kulalia, hawaoni mtu. Mmoja alihama, akasema nyumba ina mashetani.

Leo alifika mlango wa nne akashika fremu. Nikakimbia na kiti. Akasema, "Mama, kiti cha nini, nimesimama tu." Lakini uso ulikuwa umemtoka rangi.

Jumatatu, tarehe 10

Vidole vyake bado vina ganzi tangu zile dawa, kalamu inamponyoka. Kwa hiyo yeye anasema, mimi naandika kwenye daftari la kijani.

Leo jioni nikamwuliza, "Ngapi?"

Akafikiri. "Nne."

Nikaandika saba.

Sijui mkono ulifanyaje. Nilikuwa nimemwona alivyoshika fremu ya mlango. Nikajiambia, mtoto huyu tangu utotoni hasemi kinachomuuma. Alivunjika mkono akiwa darasa la pili akala chakula chote ndipo akasema. Nne yake kwa mtu mwingine ni saba. Mshauri akiona nne ataongeza milango.

Jumatano, tarehe 12

Alisema nne. Saba.

Ijumaa, tarehe 14

Alisema tatu, akatabasamu. Nimeandika saba. Mvua kubwa, bati la jikoni limefunguka upande.

Jumatatu, tarehe 17

Kliniki. Mshauri alifungua daftari la kijani akapitisha kidole chake taratibu. "Saba, saba, saba, nane. Hujashuka kabisa. Nilitegemea ungeshuka kidogo." Binti yangu akasema, "Saba?" Nikadakia kwamba asubuhi huwa nne, jioni ndiyo saba. Mshauri akanitazama, kisha akasema basi tubaki milango minne, tusiongeze bado.

Njiani binti yangu akasema labda kweli alitaja saba, tangu zile dawa anasahau alichosema jana. Mimi moyoni nilikuwa kama mtu aliyemtoa mwanawe barabarani gari linakuja. Nilipofika nyumbani ndipo aibu ikanifika.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni milango minne.

Jumamosi, tarehe 22

Amekuja msimamizi wao wa kazi. Binti yangu ni fundi rangi, sijasema. Miaka kumi na mmoja anapaka nyumba za watu. Mafundi wenzake humwita Kinyonga, kwa sababu alikuwa akirudi leo kijani, kesho buluu, keshokutwa nyeupe kama aliyetumbukia kwenye unga. Nilikuwa nikimsugua kisigino kwa mafuta ya taa huku namlaumu, na yeye anacheka ananiambia, "Mama, acha kidogo hapo, hiyo rangi ya nyumba ya daktari ni ghali." Natamani kumsugua tena rangi kisiginoni.

Msimamizi ni mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kitavunjika. Akasema, "Kinyonga, mvua ikikatika tunaanza shule. Ghorofa tatu, nje na ndani."

"Lini?"

"Mwanzo wa mwezi wa sita, Mungu akipenda. Nafasi yako nimeishikilia. Lakini nikifika siku hiyo huwezi kusimama, itabidi nimpe mtu. Si kwa ubaya."

"Nitasimama."

"Hata ukisimama chini tu, ukapaka kuta za chini. Ngazi watapanda hawa vijana wenye magoti."

"Kwa mwendo wangu wa sasa," akasema binti yangu, "sasa ndiyo nimekuwa kinyonga kweli."

Wakacheka wote wawili. Msimamizi alipoondoka, binti yangu alikwenda akatoa brashi zake chini ya kitanda. Zilikuwa ngumu kama mbao. Akaziloweka kwenye kopo, akawa anazikanda nyuzi kwa vile vidole vyenye ganzi, moja moja, mpaka jioni.

Ijumaa, tarehe 28

Nilikuwa chini kwenye mabeseni nikasikia juu pa, pa, pa. Nikapanda mbio, mikono ina povu. Alikuwa mlango wa sita, amepitiliza minne ya mpango, anaugonga kwa ngumi, chumba kitupu, anacheka kama mtoto. Mbele yake na nyuma yake mashuka meupe yananing'inia, na yeye amesimama katikati. Nikamwona wa miaka sita, wallahi. Nikasahau kila kitu, nikacheka naye.

"Ngapi?" nikamwuliza jioni.

"Tano. Lakini tano tamu."

Nimeandika nane. Nimeandika nikilia, na bado nimeandika.

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa nne

Mvua. Foronya tatu zimeota ukungu.

Jumatatu, tarehe 7

Sijui nianzie wapi.

Mshauri alitazama daftari la kijani muda mrefu. Akaita daktari. Wakazungumza mlangoni. Kisha mshauri akarudi, akakaa karibu na binti yangu badala ya nyuma ya meza, na mtu wa hospitali akija kukaa karibu nawe ujue mambo si mazuri. Akasema, "Uchovu unaopanda wakati mazoezi ni yale yale, hatuupuuzi. Mara nyingi si kitu kikubwa, inaweza kuwa upungufu wa damu, inaweza kuwa usingizi. Lakini daktari anataka kupima damu, na kupiga picha."

Binti yangu akauliza, "Mnatafuta kama imerudi?"

Mshauri hakumdanganya. Akasema, "Tunataka kuwa na uhakika kwamba haijarudi."

Nilifungua mdomo. Kweli niliufungua. Nikaona uso wa binti yangu, nikaona na uso wa mshauri, nikaufunga.

Alitolewa damu. Picha ni tarehe 16.

Nyumbani alijilaza akageukia ukutani. Nikamletea chai. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa najisikia vizuri. Ndicho kinachoniogopesha. Kumbe mtu anaweza kujisikia vizuri huku namba zinasema anaoza."

Jumanne, tarehe 8

Hakuinuka.

Jumatano, tarehe 9

Hakuinuka. Nikamwambia twende milango minne tu. Akasema ya nini.

Ijumaa, tarehe 11

Nilimwuliza ngapi. Akasema tisa. Leo nimeandika tisa, na ni tisa.

Jumapili, tarehe 13

Leo ameniomba nimpelekee msimamizi ujumbe kwamba atafute fundi mwingine. Akanipa na zile brashi, zimekauka safi, amezifunga kwa kitambaa. "Mpe Kinyonga mpya," akasema.

Nimekaa jikoni na zile brashi mapajani. Mvua inapiga bati lile lililofunguka. Nimejiambia kama hofu zinaandikwa, basi hii niiandike, maana haijatoka kinywani mwangu miaka ishirini na tano.

Baba yake alikuwa mpakia mizigo stesheni. Mtu wa miluzi. Ukimsikia anapiga mluzi kona ya barabara ujue chai iwekwe jikoni. Asubuhi moja aliamka akaniambia, "Mke wangu, leo nimechoka, kifua kizito." Binti yangu alikuwa na miaka tisa, nilikuwa namwandaa kwenda shule, nina haraka, nina mashuka yananingoja. Nikamwambia, "Inuka baba, kazi haimngoji mtu." Akaenda. Saa nne asubuhi wakaja watu wawili wa stesheni, kofia mkononi.

Hakuwahi kurudi kunilaumu, na mimi sikuwahi kumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo, mtu yeyote akisema amechoka mbele yangu, namtandikia kitanda. Wageni wa pale kazini wananisifu kwa hilo. Nilipoambiwa nimsimamie mwanangu aliyechoka atembee, nilisikia sauti yangu ile ile ya asubuhi ile. Ndiyo maana nikaandika saba.

Nilimwua baba yake kwa kumwinua. Sasa namwua yeye kwa kumlaza.

Kesho nakwenda kliniki.

Jumatatu, tarehe 14

Nimekwenda peke yangu, kwa miguu, matope hadi magotini. Mshauri alikuwa na watu. Nikangoja kwenye benchi hadi wakaisha. Nilipoingia nikaweka daftari la kijani mezani, nikasema kabla sijakaa, maana nikikaa nisingesema: "Mwanangu, hizi namba ni za uongo. Alikuwa akisema nne, mimi naandika saba. Alisema tano, nikaandika nane. Usimpige picha. Ni mimi."

Nilingoja anifukuze. Akavuta kiti.

"Kwa nini, Mama?"

Nikamwambia. Hata habari ya stesheni nikamwambia, mimi ambaye hata Mwenye Nyumba sijamwambia na tumekula chumvi pamoja miaka thelathini. Alinisikiliza bila kuandika chochote. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba picha itapigwa, kwa sababu tisa ya Ijumaa ni ya kweli na hawezi kuipuuza. La pili, "Na mimi nilikosea. Nilikupa kalamu bila kukuuliza unaogopa nini."

Nikamwomba amwambie binti yangu yeye, kwa kuwa ana maneno ya kisomi.

"Hapana, Mama. Hilo ni lako."

Mlangoni akaniita. Akasema hofu ikija niiandike katikati ya daftari langu, na pembeni niandike ni nini kingine kinachoweza kuwa kweli. "Usijilazimishe kuamini. Andika tu."

Nimejaribu sasa hivi. Hofu: Atanichukia. Kingine kinachoweza kuwa kweli:

Sijapata.

Jumanne, tarehe 15

Nilimshawishi aje kazini kunisaidia kukunja, nikasema mgongo unaniuma, na mgongo kweli unauma. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Huyu shika pembe mbili, yule pembe mbili, mnavuta likanyooka, mnakunja, kisha mnatembea mnakutana katikati, mmoja anampa mwenzake pembe zake na kuinama kuchukua mkunjo. Alijifunza akiwa na miaka sita, akisimama juu ya ndoo ili shuka lisiburute. Tulikuwa tukikunja arobaini bila kusema neno, tukikutana na kuachana.

Tulipokutana katikati shuka la tatu, pembe zikiwa mikononi mwetu wote wawili, nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, namba, na kwamba nimekwishamwambia mshauri, na kwamba nilikaa kimya alipokuwa akitolewa damu.

Aliachia shuka. Mashuka yote tuliyokunja maishani, hajawahi kuangusha hata moja. Lilianguka sakafuni kati yetu.

Akasema, "Wiki nzima nimelala nikipanga nani atakuzika mimi nikitangulia."

Kisha akashuka ngazi akishika ukuta. Nikabaki na shuka. Nimelifua upya.

Jumatano, tarehe 16

Amepigwa picha. Alikwenda peke yake.

Alhamisi, tarehe 17

Hajasema nami. Anakula.

Ijumaa, tarehe 18

Hajasema nami. Mwenye Nyumba kaniuliza, "Mna nini, mmepigwa na radi?" Nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "Basi nyamaza wewe, mwache aliyekosewa achague siku ya kusema."

Jumamosi, tarehe 19

Jioni nilikuta daftari la kijani mezani, limefunguliwa ukurasa mpya. Kumeandikwa tarehe, na milango 4, na uchovu 6. Herufi zimelala, kubwa, zinapanda mlima na kushuka, kama za mtoto wa chekechea. Sita yenyewe imejaribiwa mara mbili.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kuanzia leo kalamu ni yangu," akasema. Hayo tu. Nikasema, "Sawa, mama."

Alhamisi, tarehe 24

Majibu yametoka. Picha safi. Damu imepungua kidogo, amepewa vidonge. Daktari alisema ni safi mara tatu, na mimi niliomba aseme mara ya nne.

Binti yangu alinishika mkono tukitoka. Alinishika tu kuvuka barabara, tulipovuka akauachia.

Jumanne, tarehe 29

Milango sita.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa tano

Milango minane. Uchovu 5. Namba zake zimeanza kunyooka.

Jumanne, tarehe 6

Jana alijisikia mzima. Akaenda milango kumi na miwili, akashuka ngazi, akapanda, akafagia ua. Niliuma ulimi hadi nikaonja damu. Leo ni 8 na hakuweza kuvaa. Zamani ningeshangilia kwa siri, ona sasa, nilisema. Leo nimeandika pembeni.

Hofu: Imerudi. Kingine kinachoweza kuwa kweli: Amefagia ua wote.

Jumatano, tarehe 7

Mshauri amemfundisha kugawa nguvu kama mtu anavyogawa maji ya ndoo moja kwa siku nzima. Siku njema usimwage yote. Kazi, kisha kaa kabla hujachoka, kisha kazi. Akanigeukia, "Na wewe Mama, unatembea?" Nikasema mimi nafua. Akasema kufua si kutembea. Nimeanza kumpenda yule msichana. Ana kucha safi lakini hakwepi tope la mtu.

Jumatatu, tarehe 12

Sasa tunatembea wawili. Yeye anatangulia, mimi namfuata katikati ya mashuka, namwona visigino tu chini ya vitambaa. Mlango wa tisa mimi nahema. Yeye ananingoja. "Ngapi, Mama?" Nikasema saba. "Ya kweli au ya kwako?"

Tulicheka. Mara ya kwanza tangu lile shuka.

Jumapili, tarehe 18

Leo tulikuwa tunakanda brashi, maana sikuzipeleka kwa msimamizi wala ule ujumbe sikuufikisha, nilizificha kabatini na uongo huo amenisamehe. Akaniuliza ghafla, "Mama, kwa nini uliandika saba?"

Siku ile kwenye shuka nilikuwa nimemwambia nini nilifanya, sikumwambia kwa nini. Nikamwambia habari ya baba yake. Nilisema nikitazama brashi.

Akaweka brashi chini. Kisha akasema, "Asubuhi ile? Ulikuwa jikoni, Mama. Unapiga kelele kutoka jikoni."

"Ndiyo. Nikamwambia inuka."

"Alikuwa keshasimama. Amevaa na kofia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti namfunga kamba za viatu, kwa sababu alisema kuinama kunambana kifua. Uliposema inuka, akanikonyeza. Akasema polepole, 'Mama yako anaamsha mtu aliyekwisha amka.' Akatoka anapiga mluzi."

Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Nilifunga mafundo mawili."

Miaka ishirini na tano, na mtoto alikuwa na asubuhi yangu mfukoni, na mimi sikuwahi kumwuliza.

Hofu: Nilimwinua. Kingine kinachoweza kuwa kweli: Alikuwa keshavaa viatu.

Ijumaa, tarehe 23

Milango kumi na miwili mara mbili, na ngazi. Uchovu 4.

Jumatano, tarehe 28

Hakuna mvua leo.

Jumamosi, tarehe 31

Siku nne kavu. Nimefungua kamba za korido, nimezirudisha uani. Korido imebaki tupu, ndefu, mwanga umeingia hadi mlango wa kumi na mbili. Sikujua kama nitayatamani yale mashuka mabichi. Nilisimama hapo kidogo nikasikia pa pa pa pa ya zamani, halafu nikaenda kuanika.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Ameenda kazini. Nusu siku, kuta za chini, msimamizi amekubali. Mshauri amemwandikia mpango: apake nusu saa, akae dakika kumi, hata kama wenzake wanamcheka. Asubuhi alisimama mlangoni na brashi kwenye kitambaa, akaniuliza, "Huniambii kitu?" Nilikuwa na maneno kama arobaini. Nikasema, "Kofia umechukua?"

Nilifua makubwa kumi na manane, madogo tisa, foronya ishirini na sita. Kila gari lililosimama nilitazama.

Alirudi saa tisa alasiri anatembea taratibu, akishika ukuta. Shati limelowa jasho, na kisigino cha kushoto kina rangi ya njano, njano ya darasa la watoto wadogo. Akaketi kwenye ngazi za uani. Nikaleta maji, nikaleta mafuta ya taa na kitambaa, nikaanza kumsugua. Akasema, "Acha kidogo hapo." Nikaacha.

Kisha akavuta daftari la kijani kutoka kwenye mkoba, akaliweka mapajani mwangu, na kalamu juu yake.

"Mkono umechoka," akasema. "Andika wewe."

Nikashika kalamu. "Ngapi?"

Alifumba macho, akafikiri kwa haki kabisa.

"Saba."

Nilimtazama alivyoegemeza kichwa ukutani. Mkono wangu ulitaka kuandika nne.

Nikaandika saba.